Kwa baiskeli mpaka Provincetown, na swali la shemeji njia nzima

Sturbridge ni mji mdogo tu huku Massachusetts, siku za kawaida unaupita bila hata kugeuza shingo, ila wikiendi ya kwanza ya Agosti unajaa baiskeli mpaka kwenye korido za hoteli, watu wanatembea na vile viatu vya kunasa kwenye pedeli ko-ko-ko sakafuni, kila mtu ana namba mgongoni. Ndiyo Pan-Mass Challenge hiyo, wenyewe wanaita PMC. Jumamosi alfajiri unatoka hapo, unalala Bourne, Jumapili unamalizia Provincetown, kule kwenye ncha kabisa ya Cape Cod, jumla inakaribia kilomita 300. Njia fupi zipo, tena nyingi, za siku moja pia zipo, lakini mimi nikishaamua kitu huwa sisikii.

Ngoja nianze na hela maana hapo ndipo watu hushtuka. Hii siyo unalipa kiingilio unapewa fulana unaenda zako. Unaahidi kukusanya kiasi fulani, kwa njia ya siku mbili ni maelfu ya dola, na unaacha namba ya kadi yako ya benki, usipofikisha wanakata kwenye kadi, hakuna kubembelezana. Kwa hiyo tangu mwanzo wa mwaka nimekuwa ombaomba rasmi, kazini, kanisani, grupu la tuliosoma wote, grupu la harusi ambayo ilishapita na watoto wameshazaliwa, mpaka kuna admini mmoja akanitoa. Ila hapa nawavulia kofia, kila dola anayokusanya mwendeshaji inaenda yote Dana-Farber, ile taasisi ya saratani ya Boston, halafu gharama za maji na mahema na malori zinalipwa na wadhamini na ada za usajili. Mwaka 2024 walipeleka dola milioni 75 kwa mpigo, na tangu waanze wameshavuka bilioni moja. Na walianza watu 36 tu, mwaka 1980, mwanzilishi ni jamaa anaitwa Billy Starr ambaye mama yake alifariki kwa saratani ya ngozi mwaka 1974, mwaka ule wa kwanza wakapata dola 10,200.

Sasa shemeji yangu wa Mwanza, mume wa dada yangu, alivyoona tangazo akaniandikia: "Shem, hao Wamarekani wana shida gani na hela mpaka wewe uwachangie? Si ungeleta huku." Nikacheka, nikamjibu na kikatuni, lakini swali halikutoka kichwani na nilipanda nalo baiskeli.

Jumamosi giza bado halijaisha vizuri tukaachiwa. Maelfu ya watu barabara moja, na kitu cha kwanza unachosikia siyo kelele, ni cheni, zile gia zinavyobadilishwa kwa pamoja watu wakianza kupanda, kra-kra-kra kutoka mbele mpaka nyuma yako. Na kupanda ni mapema sana, kipande cha kwanza mpaka Whitinsville ni vilima mfululizo, unashuka hujamaliza kufurahi upo kwenye kingine. Kuna adabu zake humu, mtu wa mbele akiona shimo anapiga kelele na kuonyesha kwa kidole, wa nyuma naye anarudia, gari likija nyuma hivyo hivyo, ujumbe unasafiri msafara mzima. Mimi nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili bila kujijua. "Shimooo!" Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu anajibu, "Shimo nimeona, dadangu, wewe shuka gia!"

Mkenya anayeishi Lowell, huku huku Massachusetts, nesi, mtu mzima amenizidi kama miaka 20 hivi, nikampa shikamoo hapo hapo juu ya baiskeli akacheka karibu aingie mtaroni. Kwenye baiskeli yake alikuwa na kikadi cha Living Proof, ndivyo wanavyowaita waendeshaji ambao wenyewe wamewahi kuugua saratani. Yake ilikuwa ya tezi dume, waliiwahi. Hakuisimulia sana na mimi sikuuliza, alichotaka yeye ni kunifundisha kuendesha. "Usingoje mlima ukuonyeshe, badilisha mapema. Hawa watoto wanaokupita waache waende, tutawapata kwa kivuli." Na kweli tuliwapata, wamelala chini ya miti wameshikwa na misuli, wanasukumiana vipande vya chumvi.

Kwenye bomba la fremu yangu nilibandika utepe mweupe nimeandika majina, kila aliyechangia nilimuuliza kama kuna mtu wake nimwendeshee. Nilitumia kalamu ambayo niliambiwa haifutiki. Kufikia mchana jasho la kidevuni lilikuwa linadondoka pale pale, wino unaanza kutoka, na nilijikuta kila nikisimama nakoleza upya, majina mengine ni ya watu nisiowajua hata sura. Kuna mama wa kazini aliniandikishia majina 4, ukoo mmoja.

Barabarani watu wa Massachusetts huwa hawana muda na mtu, nasema kwa upendo, ila siku hiyo wametoa viti nje, kengele za ng'ombe, mipira ya maji wanakurushia ukiomba, bibi mmoja yuko na kitambaa cha barafu anakuwekea shingoni huku anakimbia pembeni yako. Watoto wameshika mabango. Na kuna sehemu wamepanga picha kubwa za watoto wanaotibiwa kwenye kliniki ya Jimmy Fund pale Dana-Farber, timu nyingi zinakuwa na mtoto wao wanayemwendeshea. Pale mazungumzo yote hukatika. Unapita sura hii, unapita sura hii, wengine hawana nywele, wengine wamekenua meno hayapo.

Mimi pale ndipo swali la shemeji lilipogeuka. Kwa sababu yeye mwenyewe ana picha ya hivyo nyumbani. Binti yake, mpwa wangu, alivimba taya akiwa mdogo, wakadhani jino, wakang'oa na jino lenyewe, uvimbe ukazidi, kumbe ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo ukanda wetu wa Ziwa Victoria tunaijua sana. Akatibiwa Mwanza, sindano, na kati ya dawa zake kulikuwa na ile ya njano, njano kweli kama juisi, dada alikuwa anaiogopa kuliko zote. Methotrexate.

Na habari ya methotrexate inaanzia Boston hii hii. Mwaka 1947 daktari Sidney Farber, ndiye wa jina la taasisi, alikuwa na watoto wenye saratani ya damu na wakati ule mtoto akishaambiwa hivyo ni wiki au miezi tu. Akagundua akiwapa foliki asidi, hiyo hiyo ambayo wajawazito hupewa kliniki, ugonjwa unakimbia zaidi. Basi akawaza kinyume, kama foliki ndiyo chakula chao hizi seli, tuzinyime. Akapata aminopterin, dawa inayofanana na foliki, seli inaidaka ikidhani ni chakula halafu inashindwa kujigawa. Mwaka 1948 akaandika matokeo ya watoto 16, 10 kati yao walipata nafuu. Nafuu ya muda, ugonjwa ulirudi, lakini kabla ya hapo hakukuwa na nafuu yoyote. Methotrexate ni ndugu yake aminopterin. Miaka ya 1960 wagonjwa wa Kampala na Nairobi wenye uvimbe wa taya walishaanza kupewa.

Hayo nilimmalizia kumsimulia yule mzee Mkenya usiku Bourne, tunalala kwenye chuo cha mabaharia pembeni ya mfereji wa Cape Cod, mahema na mabweni, foleni ya kuchuliwa miguu ndefu kuliko foleni ya chakula. Mzee akanisikiliza halafu akaongeza lake, kwamba na Boston nao walijifunza kwetu. Huyo Denis Burkitt, ndiye wa jina la ile limfoma, alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walinunua Ford kuukuu wakazunguka nalo Afrika Mashariki na Kusini, kama kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, wanauliza tu mnaona huu uvimbe hapa au hamuuoni. Wakagundua unafuata joto na mvua. Kazi ya Burkitt juu ya uvimbe huo ndiyo iliyopelekea kugunduliwa kwa kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. "Gari moja kuukuu na maswali," akasema, "na wewe unalia na baiskeli ya gia 22."

Nikamwandikia shemeji usiku ule ule, ndefu, na makosa ya kidole. Sikumwambia amekosea maana hajakosea, utafiti wa Boston haumpi mtu nauli ya kutoka kijijini mpaka hospitali ya kanda, na dawa ya njano ikiisha stoo imeisha. Hivyo ni vitu viwili na vyote vinataka hela. Nilimwambia tu ile ya njano ilitokea wapi.

Jumapili tunavuka daraja la Bourne kabla jua halijatoka, chini mfereji mweusi, halafu inakuja barabara ya pembeni ya Route 6 ambayo ni mabonde na vilima vya kufuatana, ukishuka kwa kasi unapata nusu ya mlima unaofuata bure, nusu nyingine ni yako. Brewster pazuri, miti, kivuli, sitaongeza. Kutoka Wellfleet upepo ukawa wa uso. Truro ndipo nilipochukia baiskeli, mguu wa kulia umekamata, barabara imenyooka, unaona watu wadogo kule juu na unajua wewe ni mmoja wao baadaye. Mzee akaja mbele akanikingia upepo, hakusema kitu, mara moja moja ananyoosha mkono wa nyuma kuangalia kama nipo. Halafu matuta ya mchanga yakafunguka, bahari pande zote, na ule mnara wa mawe wa Provincetown ukatokea, ambao ni mwongo, unauona karibu na haufiki.

Tulifika. Nilivuliwa viatu na mtu wa kujitolea nisiyemjua kwa sababu kuinama nilishindwa. Baiskeli zikapakiwa kwenye lori, sisi tukapanda feri kurudi Boston, na mtandao uliporudi baharini nikakuta shemeji amejibu. Ametuma picha ya binti, amevaa sare ya sekondari, amenuna anavyonuna kila akipigwa picha, na chini yake ujumbe: "Anauliza hiyo baiskeli ukimaliza nayo unaileta lini." Na muamala, shilingi elfu hamsini, mchango.

Kwa hiyo nimebakiza dola 740 kufikisha ahadi, mwisho wa kupokea ni mwanzoni mwa Oktoba, baada ya hapo wanakata kadi yangu, na yule admini aliyenitoa kwenye grupu nimeshaomba anirudishe.