Mashuka ya Hemroulle

Kuna hii stori ya vita vya pili vya dunia, kila nikiikumbuka inanigusa sana. Desemba 1944 huko Ubelgiji, theluji imefunika kila kitu, na wanajeshi wa Marekani karibu na Bastogne wamevaa nguo za rangi ya majani makavu, yani unaonekana kama nzi kwenye maziwa. Nguo nyeupe hamna. Basi Meja John Hanlon akaomba msaada kijiji cha Hemroulle, kengele ya kanisa ikapigwa, watu wakatoa mashuka ya vitandani mwao, wanajeshi wakajifunika nayo, mengine wakayachana vipande wakafunga helmeti. Shuka wakati wa vita ni mali jamani! 1948 Hanlon akarudi kuwalipa, na mashuka waliyochanga watu wa kwao Winchester, Massachusetts.