Siku tatu Bolzano na shangazi, kwenye hoteli ya bei ya chini

Shangazi alipoomba viza ya kuja kunitembelea Munich alitoa sharti moja: harudi Lushoto kabla hajaiona Italia. Kichwani mwake yeye kulikuwa na Roma. Kichwani mwangu mimi kulikuwa na salio la benki. Nikatafuta Italia iliyo karibu na mlango wangu nikaipata Bolzano. Treni ni moja, hubadilishi popote, unapita Innsbruck, unavuka milima pale Brenner, na baada ya saa nne hivi umeshuka. Tiketi ukiikata mapema haiumi, na kwenye treni hakuna wa kumpimia shangazi kilo za mabegi yake.

Mara ya kwanza nilitafuta chumba cha Desemba. Nilifunga kompyuta. Bolzano wana soko la Krismasi linaloanza mwishoni mwa Novemba mpaka tarehe 6 Januari, na mji wenyewe ni wa watu laki moja na kidogo tu, kwa hiyo wageni wakimwagika hata kile chumba kilichopakana na ngazi kinapanda bei. Chumba tulichokuja kulalia Februari kwa euro 78, vitanda viwili na chai ya asubuhi, Desemba kilikuwa kimepita 150. Nikasubiri. Nilichagua pia malazi ambayo unaweza kughairi bila kukatwa hela, maana wakati naweka nafasi viza ya shangazi ilikuwa bado ubalozini, na viza ni bahati na sibu.

Hoteli ilikuwa ya nyota mbili, ghorofa ya tatu, ndani ya jengo la watu, ng'ambo ya mto Talvera. Ukiwa stesheni unadhani umefika Austria: mapaa ya mwinuko, maandishi ya Kijerumani. Ukivuka daraja majengo yanabadilika, yanakuwa makubwa, mazito, yenye nguzo, kwa sababu upande ule ulijengwa zama za Mussolini ili wajae Waitaliano. Eneo lote lilikuwa la Austria mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndiyo maana kila kitu kina majina mawili, hata mji wenyewe: Bolzano kwa Kiitaliano, Bozen kwa Kijerumani. Nilimweleza shangazi haya yote, nikidhani nampa somo. Akaniambia, "Kwani Lushoto si walikuwa wanaiita Wilhelmstal?" Somo likaishia hapo.

Mapokezi yalikuwa yanafungwa saa mbili usiku. Treni yetu ilichelewa, tukafika mlangoni karibu saa nne kasorobo. Walikuwa wamenitumia namba za kufungulia mlango, nikazibonyeza mara tatu, mlango kimya. Shangazi amekaa juu ya begi, kajifunika shali mpaka puani. "Mwanangu, hawa watu wapo kweli?" Kijana mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa anarudi na mbwa wake, akatuonyesha: ukimaliza namba unabonyeza alama ya ufunguo. Ndogo, pembeni, imefutika. Tangu siku hiyo nikifika mahali usiku napiga simu kabla, hata kama nina namba zote za dunia.

Lifti ilikuwa ya watu wawili, au mtu mmoja na begi. Ina mlango wa chuma wa nje na vibao viwili vya mbao ndani, na vyote lazima uvifunge kwa mkono, la sivyo haiendi. Wa juu akiacha mlango wazi, wa chini mtasubiri mpaka mkumbuke kupanda ngazi.

Asubuhi mama wa mapokezi akatuomba pasipoti. Si kuziangalia tu, alizichukua, akaenda nazo chumba cha nyuma. Shangazi akanishika mkono. Yeye alishaambiwa na watu wa Tanga kwamba ukiwa Ulaya pasipoti haitoki mkononi mwako. Ikabidi nimweleze kuwa Italia ndivyo sheria ilivyo: kila nyumba ya wageni inatakiwa kupeleka majina ya waliolala kwake polisi ndani ya saa 24, awe Mtanzania, Mjerumani au Mwitaliano aliyetoka mtaa wa pili. Dakika tano zikarudi. Kwa hiyo ukisafiri, hata kama una kibali cha kuishi Ujerumani na unaona Ulaya yote ni nyumba moja, pasipoti yako usiiache nyumbani. Hutapewa ufunguo kwa picha iliyo kwenye simu.

Mimi nilijidai na Kijerumani changu. Nimekisomea miaka mitatu, kimenitoa jasho, na nilikuwa nimeambiwa huku wanakizungumza. Nikasalimia kwa Kijerumani, mama akajibu kwa Kiitaliano. Nikarudia taratibu zaidi, kama vile yeye ndiye mgeni. Akajibu kwa Kiitaliano taratibu zaidi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba Kijerumani kinatawala vijijini na milimani, lakini ndani ya mji wa Bolzano wengi ni wa Kiitaliano. Siku ya pili nikaingia na "buongiorno" kwanza, Kijerumani nikakiweka akiba, na huyo mama akaanza kukizungumza vizuri kuliko mimi.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Plagi zangu za Kijerumani, zile nene za duara, hazikuingia kwenye soketi za pale, ambazo ni vitundu vitatu vimepangwa mstari mmoja. Chaja ya simu yenye meno mawili membamba iliingia, pasi haikuingia. Birika la kuchemshia maji halikuwepo, na nimekuja kujua hoteli za Italia mara nyingi hawaweki. Hita ilikuwa inapoa usiku. Sheria yao inazuia joto la ndani lisizidi nyuzi 20, na mbili za msamaha, na wenye hoteli ya nyota mbili hawana haraka ya kuzifikia hizo za msamaha. Sisi wa Usambara tunajisifu kwa kuzoea baridi, ila baridi ya kwetu ni ya ukungu na shuka mbili. Blanketi la ziada tulilikuta juu ya kabati, limekunjwa kwenye mfuko. Angalia juu ya kabati kabla hujalalamika.

Sasa bafu.

Shangazi aliingia, akakaa muda, akatoka na uso wa mtu aliyeokota kitu. "Njoo uone." Pembeni ya choo kulikuwa na beseni jingine la kauri, fupi, lina bomba la maji moto na baridi. Mimi nilikuwa nalijua, linaitwa bidet, la kujisafishia baada ya haja. Waitaliano wamelitia hata kwenye kanuni za ujenzi tangu 1975, nyumba ya kuishi lazima iwe nalo. Shangazi alikuwa amemaliza wiki tatu Ujerumani, nchi ya karatasi, akihangaika na chupa ya maji ya plastiki kila akienda msalani. Alisimama pale akafungua bomba, akafunga, akafungua tena. "Kumbe hawa ni watu," akasema. Kisha akatawadhia miguu humo humo, nami sikumwambia kitu. Kimo kilikuwa kinamfaa magoti yake.

Kosa lilikuja jioni ya pili. Kwenye bafu za hoteli za Italia, karibu na bomba la mvua, kuna kikamba chembamba kinaning'inia ukutani, kina kipande cha plastiki mwishoni. Si cha taa, wala si cha maji. Ukianguka unaoga, unakivuta, kengele inalia mapokezi. Hakuna aliyetuambia, na mimi kwa miaka mitatu ya Ulaya nilikuwa sijawahi kujiuliza ni cha nini. Shangazi hawezi kulala bila kufua. Amefua khanga yake, ameikamua, ametafuta pa kuanika, ameona kamba. Akaifunga ncha pale.

Khanga mbichi ni nzito. Mimi nipo kitandani nasikia mlio wa mbali, nadhani ni gari la wagonjwa mtaani. Mara vishindo koridoni, mlango unagongwa kama unataka kung'oka, "Signora! Signora!" Nafungua, mama wa mapokezi ananipita na ufunguo mkononi, uso umempauka, moja kwa moja bafuni. Anamkuta shangazi kajifunga khanga kifuani, sabuni bado iko mkononi, na nyingine inaning'inia kwenye kamba ya dharura inachuruzika maji. Wametazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa mama, akakaa kwenye ukingo wa beseni kabisa, mkono kifuani. Shangazi akacheka kwa sababu mwenzake anacheka. Alikuwa bado hajui amefanya nini.

Nilipoeleza, akataka kuomba radhi kwa adabu zote, ananiambia nitafsiri, "Mwambie mama anisamehe, nimemtia hofu." Mama hakuwa anasikiliza. Alikuwa amelishika pindo la khanga anauliza maandishi yale yanasema nini. Yalikuwa "Usisafirie nyota ya mwenzio." Jaribu wewe kuiweka hiyo kwenye Kijerumani, umesimama bafuni. Nikasema kitu kama kila mtu ana bahati yake, akatikisa kichwa kwa heshima, akaondoka. Kesho yake tuliporudi kutoka matembezini tulikuta bafuni kiango cha kuanikia nguo, kile cha kukunja. Hakuna aliyetuambia lolote.

Kuhusu matembezi sitasema sana. Hoteli ilitupa kadi ya wageni ya mkoa, Südtirol Guest Pass, bila malipo ya ziada, na kadi hiyo ndiyo iliyonirudishia hela yangu. Unapanda mabasi, treni za mkoani, mpaka gari la waya la Renon, ambalo kwa dakika kumi na mbili linakutoa mjini kwenye joto lake hadi Soprabolzano, mita 1,221, kwenye theluji. Shangazi alifumba macho njia nzima anasoma Ayatul Kursiy. Upande mwingine wa mji kuna gari la waya la Colle, kongwe sana, la mwaka 1908, na aliyelijenga, Josef Staffler, alikuwa mwenye nyumba ya wageni. Nilipenda kujua hilo. Wengine hupunguza bei, yeye alijenga usafiri.

Ikiwa hoteli yako haijataja kadi hiyo, uliza kabla hujaanza kununua tiketi moja moja.

Tulikwenda pia kumwona Ötzi, yule mtu wa barafuni aliyekutwa tarehe 19 Septemba 1991 na Wajerumani wawili, mume na mke, waliokuwa wakitembea milimani. Ana miaka kama 5,300 na kichwa cha mshale kimebaki begani. Wamemlaza kwenye chumba cha nyuzi sita chini ya sifuri, unamchungulia kidirishani. Shangazi alichungulia mara moja, akasema inna lillahi, akaniuliza, "Mbona hawamziki?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia uchunguzi wa vinasaba wa 2023 umeonyesha rangi yake ilikuwa ya kukoza kuliko walivyodhani, na huenda alikuwa na upara, wakati sanamu lake pale lina nywele ndefu. Akalitazama sanamu, akarudi kunitazama. "Ahaa. Basi ndiyo sababu."

Chakula kilitaka akili. Mkoa ule speck, nyama ya nguruwe ya moshi, wanaitia hata usipotarajia: kwenye supu, kwenye madonge ya mkate, na kwenye meza ya asubuhi imelala jirani na jibini, uma mmoja kwa vyote. Tulijichukulia mayai ya kuchemsha, mkate, jamu na matufaha, na mayai mawili ya ziada yalipanda juu na shangazi bila kuuliza mtu. Mchana kwenye mgahawa unaagiza madonge ya spinachi au ya jibini, lakini uliza kwanza, "senza speck?" Chai ilikuwa vita yake yenyewe, kwa sababu wanakuletea maji moto na kipande cha limau. Dawa yake ni ndogo. Agiza "latte caldo" pembeni: kwao neno latte ni maziwa matupu, si ile kahawa ya mikahawa ya Dar. Shangazi alichanganya mwenyewe, akatoa iliki kwenye mkoba.

Siku ya kuondoka nililipa euro 234 kwa kadi, halafu nikaambiwa bado kodi ya wageni. Ile haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni, inahesabiwa kwa kichwa kwa kila usiku, na wao waliitaka taslimu. Haikuwa kubwa, ila mimi sikuwa na sarafu, na aliyetulipia ni shangazi kutoka kwenye leso yake, moja moja juu ya kaunta. Mama wa mapokezi alimsaidia kuhesabu kwa Kiitaliano. Shangazi anahesabu kwa Kisambaa. Walifika mwisho pamoja.

Kwenye treni alirekodi sauti ya kuwatumia wa nyumbani, dakika sita nzima, nami nimekaa kando nasubiri asimulie theluji, au gari la waya, au maiti ya miaka elfu tano. Alianza na salamu, akauliza mvua, akauliza ng'ombe. Kisha akashusha sauti asisikiwe na Wazungu wa kiti cha mbele. "Sasa sikilizeni. Wana beseni."