Bumu tunatoa sisi, utafiti analipa nani?

Oktoba ikikaribia Dar nzima stori ni mkopo wa wanachuo tu. Batch ya kwanza imetoka, fulani kapata asilimia mia, fulani kaambulia ada, mpaka mama ntilie wa Upanga anajua tarehe ya bumu (hela ya kujikimu) kuliko wanachuo wenyewe maana daftari lake la madeni linategemea hapo. Na mi sibezi kabisa, bumu kupanda toka 8,500 kwa siku hadi 10,000 mwaka 2022 ilisaidia, na ile tozo ya asilimia 6 juu ya deni la mkopo kufutwa 2021 watu walipumua.

Ila sasa huyo kijana akimaliza? Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipata kazi kwenye mradi wa malaria, anapita nyumba hadi nyumba na kishkwambi, anauliza nani kalala kwenye neti jana, anatoboa kidole, anajaza. Januari 2025 Marekani wakasitisha misaada, imeili ikaja jioni, kesho yake rudisha kishkwambi, rudisha kitambulisho, kwaheri. Kwenye salary slip yake kulikuwa na makato ya bodi ya mikopo, ile asilimia 15, kila mwezi bila kukosa. Yaani ukikaa ukafikiria, serikali ndo ilikopesha lakini aliyekuwa anarejesha ni Mmarekani, kupitia mshahara wa dogo. Mmarekani kasepa, deni lipo palepale.

Na sio kwamba hatuna vichwa jamani. Chanjo zote mbili za malaria ambazo WHO imezipitisha, RTS,S na R21, zilijaribiwa na hapa hapa kwetu, Bagamoyo, na watu wa Taasisi ya Afya Ifakara. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ipo kwa sheria ya 1979, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, toka 1986. Nchi za Afrika zilishaahidi asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na sisi tumo, bado hatujafika. Wakati friji la sampuli la nyuzi hasi 80 linakula umeme usiku na mchana na Tanesco ikikata lazima jenereta iwake (dizeli hiyo nani ananunua?).

Wabunge Juni wakishapiga makofi ya mikopo waulize na fungu la utafiti wa afya, sio lililotengwa, lililotoka Hazina. Na kama hela kweli hakuna, basi waliopoteza kazi kwa staili hii bodi iwape muda kwanza mpaka washike nyingine.