Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa ikolojia na mageuko ya ndege

Saa 11 alfajiri. Tunatandaza nyavu kabla hakujapambazuka, maana ndege huanza kusaka chakula mapema sana. Uzi ni mwembamba, hawauoni.

Saa 12:30. Ndege wa kwanza ana pete mguuni! Nasoma namba: ni jike tuliyemvisha pete akiwa kinda. Kwangu ndege aliyerudi ana thamani kuliko wageni wengi. Namshika, shingo ikipita kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kumbana kifua, maana ndege akibanwa kifua hawezi kupumua. Napima bawa, uzito, kisha mdomo: urefu, upana na unene pale unapoanzia. Narudia kila kipimo, kwa kuwa tofauti tunazozitafuta hazifiki hata milimita moja. Tone la damu kutoka mshipa wa bawa linaingia kwenye kichupa cha ethanoli kwa uchunguzi wa vinasaba. Namwachia.

Saa 4. Jua kali, tunafunga nyavu. Ndege akikawia juani anaweza kufa.

Saa 6. Ofisini, barua pepe. Wahakiki wa makala yetu wanataka uchambuzi mmoja urudiwe, na wana haki.

Saa 8. Mhadhara ninaoupenda kuliko yote: kazi ya Peter na Rosemary Grant, wanabiolojia mume na mke walioanza utafiti wa ndege kisiwani Daphne Major, katika visiwa vya Galápagos, Bahari ya Pasifiki, mwaka 1973. Ukame wa 1977 ulipomaliza mbegu ndogo, ndege wengi walikufa. Walionusurika zaidi ni wenye midomo minene, iliyoweza kupasua mbegu kubwa ngumu, na makinda ya 1978 yakairithi. Mwanafunzi mmoja anauliza kama mageuko hayahitaji mamilioni ya miaka. Namjibu kwamba uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazofaa mazingira kunusurika na kuzaa zaidi, unaweza kupimika hata ndani ya mwaka mmoja, mradi awepo mtu aliyepima kabla ya ukame.

Saa 10. Nakaa na mwanafunzi wa uzamivu. Tunalinganisha midomo ya wazazi na ya watoto wao, tuone unene unarithiwa kwa kiasi gani.

Saa 1 usiku. Ombi la ruzuku. Ruzuku nyingi ni za miaka michache tu, na utafiti wa namna hii unadai miongo. Fomu inauliza mradi una jipya gani. Naandika wazi: tutaendelea kupima yale yale, kwa njia ile ile, kwa sababu pengo la mwaka mmoja haliwezi kuzibwa baadaye. Naambatisha grafu, natuma.