Kunyamazisha jeni za virusi, au kuamsha kinga tu?

Kadiri ninavyozidi kusoma kuhusu kuwatibu samaki wa kufugwa kwa kunyamazisha jeni za virusi, ndivyo ninavyoamini kwamba swali la kwanza linapaswa kuwa hili: samaki anapopona, je, ni jeni ya virusi iliyonyamazishwa kweli, au ni kinga ya mwili wake iliyoshtuliwa tu?

Mwaka 1998, Andrew Fire, Craig Mello na wenzao walionyesha kwa minyoo wadogo kwamba RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya jeni) ya nyuzi mbili huzima jeni inayolingana nayo, na mwaka 2006 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Ndani ya seli, kimeng'enya huikatakata RNA hiyo kuwa vipande vya nukleotidi (vijenzi vidogo vya RNA) 21 hadi 23 hivi, kisha uzi mmoja wa kipande huongoza protini hadi kwenye ujumbe wa virusi unaolingana nao, nao ukakatwa kabla haujatumika kutengenezea protini.

Ukichungulia kwa hadubini seli za samaki zilizoambukizwa bila kutibiwa, utaziona zimejikunja kuwa duara, zimebanduka na kuelea. Zilizotibiwa hubaki zimeshikamana chini ya sahani. Ni picha inayoshawishi mno, nami ninaihofia kwa sababu hiyo hiyo. Watafiti waliofanya kazi na trauti dhidi ya virusi vya VHS, ambavyo huwafanya samaki wavuje damu ndani ya viungo, waligundua kwamba hata vipande visivyolingana na virusi hivyo viliwakinga, kwa kuwa viliamsha interferoni, yaani king'ora cha mwili dhidi ya virusi vya kila aina. Kwa hiyo jaribio lisilotumia vipande vya kulinganishia, yaani visivyolingana na virusi vinavyolengwa, na ikiwezekana virusi vya aina nyingine kabisa, siwezi kulikubali kuwa ushahidi wa kunyamazisha jeni.

Ugumu mwingine ni kuifikisha dawa. RNA tupu huvunjwavunjwa upesi na vimeng'enya vya tumboni, na kumdunga sindano kila kifaranga katika bwawa lenye maelfu ni kazi isiyolipa. Kamba wametangulia hapa: wale waliolishwa chakula kilichochanganywa na bakteria waliokufa, waliotengenezwa wabebe RNA dhidi ya VP28, protini ya gamba la virusi, walipungukiwa na vifo vya ugonjwa wa madoa meupe. Wengine huifunga RNA ndani ya chembe ndogo mno za kitosani, ambayo hutokana na maganda ya kamba hao hao.

Kwa perege, ambao virusi vyao vya TiLV vina jeni zilizogawanywa katika vipande 10 vya RNA, ningependa kuona jaribio la chakula cha namna hiyo, likilenga sehemu ya jeni isiyobadilika sana, huku samaki wakiambukizwa kupitia maji kama inavyotokea bwawani, si kwa sindano.