TB haitibiwi kwa pingu

Mjomba wangu alipata TB nikiwa kidato cha pili, tulikuwa tunaishi wote kwa nyanya, na kile nakumbuka sana si kukohoa kwake, ni vile alikuwa anaziangalia zile dawa asubuhi. Vidonge vikubwa, vinageuza mkojo unakuwa rangi ya machungwa, na kama ulilala njaa ukimeza unasikia tumbo linakamuliwa kama nguo. Miezi sita hivyo, kila siku. Mwezi wa tatu akaacha. Kikohozi kilikuwa kimeisha, na unga pia.

Nesi wa dispensari alikuja kwa miguu, akaketi kwa kigoda, hakumgombeza, akamuuliza tu, "Jana ulikula nini, baba?" Mjomba akanyamaza. Wiki haikuisha kabla nesi arudi na unga wa uji, na toka hapo kila asubuhi akawa anapitia kwetu au anatuma mtu aone amemeza. Alimaliza dawa, akapona.

Ndio maana ile kesi ya Kapsabet huwa inaniuma. Agosti 2010 wanaume wawili huko Nandi walishikwa na polisi kwa sababu wameacha dawa za TB, wakapelekwa kortini, korti ikaamuru wakae jela miezi minane. Jela! Yaani mtu ana ugonjwa unaosambaa kwa hewa halafu unamtia ndani na watu waliobanana, jela zetu mnazijua, na hao wengine siku moja watatoka warudi kwa watoto wao. Walikaa siku 46 ndio wakaachiliwa. Na wakiwa humo humo ndani, tarehe 27 Agosti, Katiba mpya ikazinduliwa Nairobi, hiyo yenye kifungu cha 43 kinachompa kila mtu haki ya afya.

Sheria iliyowafunga ilikuwa ya mkoloni, Sheria ya Afya ya Umma ya 1921. KELIN, shirika la kutetea haki za afya, likasimama nao kortini na Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akasema sheria hiyo haimruhusu mtu kumpeleka mgonjwa gerezani, kumtenga ni kwa ajili ya kumtibu, sio kumwadhibu.

Najua kuna wenye watauliza, na sisi wazima je? Siwalaumu, nyanya alilala nyumba moja na mjomba miezi yote hiyo na mimi nilikuwa nashtuka kila akikohoa. Mgonjwa anaweza kutengwa, sawa, lakini hospitalini, na chakula, na dawa, na mtu wa kumweleza kinachoendelea. Ukimtumia polisi, yule jirani yake mwenye ameanza kutoa jasho usiku hatakwambia kitu, atanunua dawa ya kikohozi dukani na ataendelea kulala na watoto kitanda kimoja.

Halafu 2020 ikaja korona na tukarudia yale yale. Watu waliwekwa karantini wakaambiwa hawatoki bila kulipa, na wale walioshikwa nje saa za kafyu wakapelekwa karantini pia kama adhabu. Mwezi wa nne mwaka huo nilipata homa na kifua kikaniuma siku tano, na sikuenda kupimwa, kwa sababu niliogopa hiyo bili kuliko ugonjwa wenyewe. Nyanya alikuwa chumba cha pili.