Mvua ikinyesha inanyamaza

Leo Jumapili, gari iko nje chini ya mwembe, mi niko barazani na chai ya maziwa, na kwa mara ya kwanza toka mwezi wa nane sina mpango wa kulala chini ya gari na simu imewashwa tochi. Watoto wa jirani walishazoea kuja kuangalia miguu yangu ikitokeza huko chini, leo wamepita wakaniangalia kama nimewaangusha.

Gari yenyewe ni Carina Ti ya 1999, namba B, zamani ilikua silva sasa hivi sijui tuiite rangi gani. Niliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Inanitoa Buswelu inanipeleka mjini kazini, jioni inanirudisha, na mwisho wa mwezi inanipeleka Sengerema kwa mama, ambako kila nikifika nakuta ugali ndo unaepuliwa jikoni, wa moto kabisa, na sato pembeni. Sijawahi kuidai hiyo gari zaidi ya hapo. Ila mwezi wa nane ikaanza kulia.

Ingekua inagonga ngo ngo ningeogopa nikaipeleka gereji siku hiyohiyo. Huu mlio ulikua mwembamba, kwiii, kama kitanda cha chuma cha bweni mtu akijigeuza usiku. Nikipanda tuta kwiii, nikishuka kwiii. Nikiingia mtaani kwetu ambako mawe yametokeza barabarani (Mwanza hii, utayakwepa mangapi) ni kwi kwi kwi kwi mpaka getini. Siku moja foleni ya Mlango Mmoja konda wa daladala akachungulia dirishani kwangu akasema "dada, hiyo gari inaomba maji ya kunywa". Abiria wake wote wakacheka na mi nikacheka, ila iliniuma. Kumbe alikua amenipa jibu bure na hakuna aliyejua, si yeye si mimi.

Fundi wa kwanza aliikandamiza mbele kwa mikono miwili, mara mbili tu, akasema shokapu zimekufa. Nikanunua mbili za mbele, used za Japani, 160,000, na ufundi juu. Gari ikatulia kweli kwenye mashimo, siwezi kumsingizia, ila kwiii ilibaki palepale. Na kilichonikera sio hata hela, ni kwamba mambo yote alikua anamuelezea mdogo wangu niliyeenda nae, kijana ambae hata leseni hana, wakati funguo ninayo mimi na hela ninayo mimi.

Fundi wa pili akaipiga jeki, akatikisa tairi moja moja, hakusikia kitu, basi akachukua kopo la oili chafu akapaka kila mpira aliouona huko chini. Siku mbili gari kimya kama imezimwa. Siku ya tatu mlio ukarudi umenenepa. Nikarudi kwake akanijibu "madam, gari ya zamani lazima iongee". Wa tatu alisema nibadilishe wishboni zote mbili, ile mikono ya chuma inayoshikilia tairi za mbele, hapo mfuko ulikua umeshakauka, nikashukuru nikaondoka.

Sasa mi nafanya kazi duka la dawa. Mtu akija akasema tumbo linauma simpi dawa palepale, namuuliza limeanza lini, linauma kabla ya kula au baada, linashika wapi, ukilala linaachia? Usiku mmoja nimelala nikajiuliza hivi kwa nini hii gari hakuna hata mmoja aliyeiuliza maswali. Wote wamekuja na dawa mkononi.

Kwahiyo nikachukua daftari nikaanza. Gari imesimama, injini inaunguruma, nakanyaga mafuta: kimya, basi sio fenibelti, maana belti hua inalia kufuata injini. Nakanyaga breki: hamna tofauti. Nakata usukani mpaka mwisho nikiwa nimesimama: kimya. Nikatoa jeki na spea tairi kwenye buti, nikamwaga makaratasi yote ya kwenye droo ya dashibodi, nikamkalisha mdogo wangu nyuma ategeshe sikio: kwiii iko palepale. Yeye anasema inatoka kushoto mbele, mi naapa iko chini ya usukani, kulia, karibu na goti langu. Tulibishana mpaka tukanuniana. Nilikuja kuelewa baadae kwamba sauti inasafiri kwenye bodi, chuma kinaibeba kinaenda kuitolea mahali pengine kabisa, kwahiyo sikio la dereva ni shahidi muongo.

Mwisho wa mwezi wa tisa nikaenda Sengerema. Kutoka Buhongwa mpaka Usagara nahesabu matuta, kila tuta naandika kichwani. Halafu nikapanda daraja la Kigongo–Busisi, karibu kilomita 3 zote juu ya maji, na yani kimya. Sio kimya cha kusema labda, kimya kabisa, nasikia upepo wa ziwa tu. Enzi za kivuko tungekua tumezima gari tumekaa tunasubiri zamu, nisingejua kitu, lakini toka daraja lifunguliwe Juni 2025 unapita moja kwa moja, na pale juu hakuna tuta wala shimo. Nimeshuka tu upande wa Busisi, bonde la kwanza, kwiii. Nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari. Tairi zilikua zinazunguka muda wote darajani na injini inafanya kazi muda wote, kwahiyo sio tairi, sio bearingi, sio injini. Ni kitu kinacholia gari ikipanda na kushuka tu.

Mwezi wa kumi zikaanza zile mvua za alfajiri zinazokuja na radi kutokea ziwani. Asubuhi naenda kazini matuta yote nayapita kama bibi harusi, hakuna mlio. Saa nane jua limewaka, vumbi limerudi, narudi nyumbani kwiii. Kesho yake mvua tena, kimya tena. Nikaandika kwa herufi kubwa: MVUA IKINYESHA INANYAMAZA.

Nikaenda na daftari kwa mzee mmoja huko Igoma, ana gereji ndogo yenye shimo. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitikia, akaniita mayu, yani mama, akavaa miwani akasoma kurasa zangu zote mbili kimya kimya. Hakugusa spana. Akamtuma kijana akajaze maji chupa ya soda.

Gari ikaingizwa juu ya shimo, sio jeki. Akasema ukiipiga jeki miguu inaning'inia, uzito umetoka, itakuliliaje? Kijana mmoja juu anaibembea kwa kukandamiza bampa, kwiii, kwiii, mzee chini na chupa yake. Akamwagia bushi, yani ile mipira ya kwenye maungio, za wishboni kulia, kwiii. Kushoto, kwiii. Boljointi, kwiii. Akasogea kwenye ile fimbo ya stabilaiza inayounganisha mguu wa kulia na wa kushoto, akamwagia bushi ya kulia, kwiii. Akamwagia ya kushoto. Kijana akabembea. Hakuna. Akabembea tena kwa nguvu zaidi, hakuna. Mzee akachungulia kutoka shimoni akasema "huyu hapa".

Mpira wenyewe alinionesha baada ya kuufungua. Ulikua mgumu kama kwato na tundu lake limetanuka limekua yai. Akanieleza kwamba mpira mkavu unang'ang'ania chuma, chuma kikilazimisha unaachia, unashika tena, unaachia, haraka haraka hivyo mpaka inakua sauti. Maji yakiingia katikati unateleza tu, haushiki, ndo maana mvua. Na ile oili chafu? Akatikisa kichwa. Oili inanyamazisha leo, ila ndo inaula mpira, unavimba na kuharibika, na vumbi linaganda juu. Hakutaja fundi yeyote kwa ubaya na mi sikumtajia.

Bushi mbili 12,000. Nilitaka abadilishe moja tu, akakataa, "zimezeeka pamoja hizi, ukiacha hiyo nyingine utarudi hapa mwezi ujao". Akasugua chuma kwa msasa mpaka kutu ikatoka, akafunga, akalalamika kidogo kuhusu nati ya nyuma ambayo spana haifiki, ufundi 10,000. Jumla 22,000. Nilipiga hesabu ya zile shokapu nikaona nisiimalize. Nikamwambia wabeja, asante, nikaondoka, tuta la kwanza nimelipita polepole nimeziba pumzi.

Jana nikaenda Sengerema. Barabara nzima gari kimya, hadi nikaanza kusikia vitu vingine, saa ya dashibodi inagonga, mkanda wa abiria unapiga mlango, vitu ambavyo siku zote vilikuwepo. Nikaingia ile njia ya vumbi ya kwenda kwa mama, mashimo yote mia, hakuna kitu. Nikapaki, nikashuka, nikabisha hodi.

Mama alikua bado anachambua mchicha. Jiko halijawashwa hata. Akaniangalia, akaangalia gari, akauliza umekuja na nini?

Nikamwambia si na hii hii mama.

"Mbona sijakusikia? Mi hua nikisikia ile kwii yako kule kwenye mnazi ndo nabandika maji."

Tukakaa nje, yeye na mchicha wake mi na kuni, tukasubiri maji yachemke.